Barua Si Ugomvi

Msikilizaji, huenda unaikumbuka Agosti ya mwaka 2017, pale nchi nzima ilipozungumzia ndege ambayo haijafika. Ilikuwa Bombardier Q400, imenunuliwa kwa ajili ya Air Tanzania, ikazuiwa Canada kwa amri ya mahakama. Vijiweni watu walibishana siku nyingi juu ya nani msaliti, nani mzalendo, nani kavujisha habari. Waliouliza swali la msingi, yaani huyu anayetudai anatudai nini hasa, walikuwa wachache. Jibu lilikuwa barabara. Kampuni ya Stirling Civil Engineering ilikuwa imepewa kandarasi ya barabara ya Wazo Hill hadi Bagamoyo, serikali ikaukatisha mkataba, kampuni ikaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa na kupewa tuzo ya zaidi ya dola milioni 25. Deni likakaa, riba ikazaa, na kufikia mwaka huo lilikuwa limefika dola milioni 38. Ndege hatimaye iliachiwa, ikatua Dar es Salaam mwaka 2018. Na tafadhali usiichanganye na ile Airbus iliyoshikwa Johannesburg mwaka 2019. Ile ilikuwa habari ya mkulima na shamba lake.

Sasa jiulize, kwa nini Canada? Kwa nini mdai hakwenda Mahakama Kuu hapa nyumbani akaomba dalali aende kukamata magari ya wizara? Kwa sababu Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali hairuhusu mali ya serikali ikamatwe ili kukazia hukumu. Ukishinda, unapewa karatasi, kisha unasubiri ulipwe. Lakini nje ya mipaka kuna Mkataba wa New York wa mwaka 1958, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1964, unaoruhusu tuzo ya wasuluhishi iliyotolewa nchi moja kutekelezwa katika nchi nyingine mwanachama. Kuyajua mambo hayo mawili na kuyaunganisha, na kuanza kuyaunganisha siku mkataba wa barabara unasainiwa badala ya siku deni linapoota mvi, ndiyo kazi ya mtu ninayetaka tumzungumzie leo. Wakili wa ujenzi.

Kisheria, hapa Tanzania hakuna leseni ya namna hiyo. Kuna wakili, basi. Mtu anasoma shahada ya sheria, anaingia katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo matokeo yake ya mwaka 2022 yalizua kelele nchi nzima kwa jinsi wengi walivyoanguka, na akifaulu anakubaliwa na Jaji Mkuu na kuingizwa katika orodha ya mawakili. Anakuwa mwanachama wa Chama cha Mawakili Tanganyika, chama kilichokuwepo tangu mwaka 1954. Cheti chake hakisemi popote kwamba anajua tofauti ya lenta na jamvi.

Hayo anayajifunza saiti. Nimezoea kuwagawa wanaofika mbali katika kazi hii kwenye makundi mawili. Kuna wanasheria waliokubali kuvaa buti na kofia ngumu, wakajifunza kusoma michoro na makadirio. Na kuna wahandisi na wakadiriaji majenzi waliochoka kuona kampuni zao zinapoteza fedha halali, wakarudi chuo jioni kusoma sheria. Kwa maoni yangu hawa wa pili ndio wa kuogopwa. Ukimwambia mmoja wao kwamba kazi ilichelewa kwa sababu ya mvua, hatakuuliza habari za kifungu kwanza. Atakuuliza mvua ilinyesha milimita ngapi, kipimo kilikuwa saiti au umechukua takwimu za uwanja wa ndege, na siku hiyo ulikuwa unamwaga zege au unapiga plasta ndani ya chumba kilichokwisha kuezekwa. Kama ulikuwa ndani unapiga plasta, mvua imekuzuia nini?

Kisha anafungua kitabu cha mkataba. Miradi mikubwa ya Afrika Mashariki, hasa ile yenye fedha za Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika, hufungwa mara nyingi kwa mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri lililoanzishwa mwaka 1913 na ambalo leo makao yake yako Geneva. Vitabu vyake vinaitwa kwa rangi. Chekundu, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1957, ni cha kazi ambayo mwajiri, yaani mwenye mradi, ndiye anayeleta michoro. Cha njano ni cha kazi ambayo mkandarasi anasanifu mwenyewe. Cha rangi ya fedha kinambebesha mkandarasi karibu kila hatari mpaka siku anapokabidhi funguo. Majengo ya kawaida ya hapa kwetu yana fomu zake, za Baraza la Taifa la Ujenzi, na kazi za umma zina nyaraka zake za zabuni. Kenya nao wana fomu yao ya majengo, toleo la mwaka 1999. Wakili wa ujenzi lazima avijue vyote hivi, ila ukimwamsha usiku wa manane umuulize kifungu kimoja tu, atakutajia kile kinachozungumzia taarifa ya madai.

Katika kitabu chekundu cha mwaka 1999 kifungu hicho ni cha 20.1. Kinasema, kwa maneno yangu, kwamba mkandarasi anayeona anastahili kuongezewa muda au fedha lazima atoe taarifa ya maandishi kwa mhandisi ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, lile tukio lililomletea hasara. Asipotoa, haki imekufa. Hata kama kila mtu saitini alikuwa anajua, na hata kama kosa ni la mwajiri mia kwa mia. Baada ya taarifa hiyo fupi anapewa muda wa kuandaa maelezo kamili yenye hesabu, siku 42 katika toleo hilo, 84 katika toleo la mwaka 2017. Toleo hili jipya limemfunga na mwajiri pia kwa zile siku 28, jambo ambalo maofisa wengi wa serikali bado hawajalitia akilini.

Turudi kwenye yale maneno "alipopaswa kujua". Yameua kampuni nyingi kuliko mvua. Maana yake huwezi kusema, mimi niligundua hasara mwisho wa mwaka mhasibu alipofunga hesabu. Utaulizwa: greda lilisimama lini? Siku lilipolala bila kazi ndiyo siku saa ilipoanza kugonga.

Tuchukue mfano. Kampuni ya mzawa imeshinda zabuni ya kipande cha barabara wilayani. Saiti inakabidhiwa, lakini imekabidhiwa pungufu, kwa kuwa kilomita mbili za katikati bado zina nyumba za watu ambao hawajalipwa fidia. Greda na shindilia vimekodiwa na vinalipiwa kwa siku. Mkurugenzi anampigia simu mhandisi mshauri. Anajibiwa, vumilia bosi, fidia inatoka wiki ijayo. Wiki ijayo inageuka miezi minne. Mkurugenzi, mtu mwenye adabu zake, anaendelea kujenga kushoto na kulia huku anaruka katikati, anahamisha mitambo huko na huko, anachoma dizeli ambayo hakuna aliyeikadiria. Masika yanamkuta palepale. Mwisho wa mradi amechelewa siku 120, na mwajiri anakata fidia ya ucheleweshaji kwa kila siku kama mkataba unavyosema. Sasa ndipo anapotafuta wakili.

Wakili anamwomba vitu vitatu: barua ya taarifa, programu ya kazi iliyokubaliwa, na daftari la saiti. Barua hakuna. Programu ya kazi ipo, ile ya kwenye zabuni, haijawahi kurekebishwa tangu siku ya kwanza. Daftari la saiti lina kurasa nzuri za mwezi wa kwanza, halafu kimya. Badala yake anapewa simu yenye meseji za sauti za WhatsApp, nyingi ajabu, ndani yake mhandisi mshauri anasikika akicheka na kusema tuko pamoja.

Hapo bado kuna kazi ya kufanya, na wakili mzuri ataifanya. Atatafuta mihtasari ya vikao vya saiti. Ikiwa kuna muhtasari uliosainiwa ndani ya zile siku 28 unaosema kwamba kipande cha katikati hakijakabidhiwa, atajenga hoja kwamba hiyo ni taarifa ya maandishi ingawa haina kichwa cha habari cha barua. Atakwenda kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, kinachosema kiasi cha fidia kilichotajwa kwenye mkataba ni dari tu, na kwamba anayedai anapewa fidia ya kiasi kinachofaa isiyozidi hapo. Atasema pia kwamba mtu hawezi kumzuia mwenzake kuingia shambani kisha akamdai mavuno. Anaweza kuokoa nusu, pengine zaidi ya nusu. Lakini angalia alichotakiwa kufanya yule mkurugenzi wiki ya kwanza. Barua ya mistari mitano: kwa mujibu wa kifungu cha 20.1 tunakujulisha kwamba kuanzia tarehe fulani hatujapewa njia ya kuingia kati ya kilomita ya nane na ya kumi; hali hii inachelewesha kazi na kutuongezea gharama; tutawasilisha maelezo kamili; tunatunza kumbukumbu zote na mhandisi anakaribishwa kuzikagua. Sahihi. Muhuri wa mapokezi. Kazi ya nusu saa.

Kwa nini hakuandika? Hapa ndipo hoja yangu ya leo ilipo, na naomba wanasheria wanaosikiliza wanivumilie, maana si hoja ya sheria. Hakuandika kwa sababu kwetu barua ni ugomvi. Mtu mnayeonana naye kila siku, mnakula naye mishikaki jioni, ukimpelekea barua yenye namba ya kifungu umemwambia humwamini. Jambo linamalizwa kwa maneno, kiutu uzima. Mkubwa hakosolewi kwa maandishi. Na juu ya adabu kuna woga, tena woga wenye sababu. Huyu ninayemwandikia leo ndiye atakayekaa kwenye kamati ya tathmini ya zabuni kesho. Nani ataka kujulikana kama mkandarasi wa madai?

Siwezi kuubeza woga huo. Lakini nenda kwenye ofisi ya saiti ya kampuni yoyote kubwa ya kigeni inayojenga hapa. Utamkuta kijana mmoja, wakati mwingine wawili, kazi yao kutwa ni kuandika barua. Mchoro umechelewa siku tatu, barua. Mwajiri amebadilisha aina ya marumaru, barua. Umeme umekatika, barua. Zinaandikwa kwa lugha ya heshima, bila hasira, na mhandisi mshauri anazijibu bila hasira. Jioni wanakunywa soda pamoja. Mwaka unaofuata kampuni ileile inapata kazi nyingine. Wakati huohuo, upande wa pili wa meza, mhandisi mshauri anaandika kila kosa la mkandarasi mzawa na kulitia kwenye faili, kwa kuwa mkataba wake unamtaka afanye hivyo, na hajawahi kuona haya. Adabu imekuwa ya upande mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo waajiri hawaambiwi. Taarifa ya mapema inawafaa wao pia. Ofisa wa halmashauri aliyepokea barua wiki ya kwanza kwamba fidia ya nyumba haijalipwa ana kitu cha kupeleka kwa mkurugenzi wake na kusema, kila wiki ya kuchelewa inatugharimu kiasi hiki, toeni fedha. Na kuongezewa muda si zawadi kwa mkandarasi peke yake. Chini ya sheria tuliyorithi kwa Waingereza, mwajiri anayemchelewesha mkandarasi huku mkataba hauna njia ya kumwongezea muda anajikuta tarehe ya mwisho imefutika, na pamoja nayo haki yake ya kukata fidia ya ucheleweshaji. Kinabaki kitu kinachoitwa muda wa kufaa, na kufaa huko kila mmoja ana kwake. Kwa hiyo mwajiri mwenye akili anaitaka barua ile. Anaiomba.

Basi huduma kubwa ya wakili wa ujenzi haifanyiki mahakamani. Inafanyika kabla ya zabuni kupelekwa, anaposoma masharti na kumwambia mteja: hapa wamefuta kifungu cha riba ya malipo yanayochelewa, hapa wamepunguza siku 28 kuwa 14, hapa wamekubebesha hatari ya hali ya ardhi ambayo hujaipima. Inafanyika siku ya kwanza saitini, anapowafundisha mhandisi wa saiti na karani wake barua gani iende lini. Kumwita mradi ukiwa umeisha ni sawa na kumwita fundi wa msingi nyumba ikiwa imeshapauliwa. Tunamwita hivyo kwa sababu tunadhani wakili ni mtu wa kesi, na tunaogopa bili yake. Lakini bili ya kusoma mkataba kabla ya kusaini ni ndogo mno mbele ya bili ya usuluhishi, ambako unamlipa wakili wako, unachangia malipo ya msuluhishi, ukumbi, na shahidi mtaalamu wa kuthibitisha kwamba greda lililosimama linagharimu fedha.

Nikisema usuluhishi namaanisha ule wenye tuzo, chini ya Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 iliyochukua nafasi ya ile ya kikoloni. Mikataba karibu yote ya ujenzi ina kifungu cha kupeleka mgogoro huko, na mikubwa ina ngazi ya kati, jopo la waamuzi linalotakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 84. Kuna mawakili, na hili nalisema kwa masikitiko, wasiojua kazi hii, ambao wakiletewa faili la ujenzi wanakimbilia mahakamani kama walivyozoea kwa kesi za mashamba. Upande wa pili unaonyesha kifungu cha usuluhishi, mahakama inasimamisha shauri, na mteja amepoteza mwaka na ada. Wengine wanasahau kwamba ukiishtaki serikali lazima kwanza utoe notisi ya siku 90. Ukienda mbio bila hiyo, unarudishwa ulikotoka.

Walioumia zaidi katika biashara hii ni wakandarasi wadogo, wale wanaochukua kipande cha kazi kutoka kwa mkandarasi mkuu: umeme, mabomba, madirisha ya alumini, kusambaza kokoto. Mkataba wao, kama upo, una sentensi moja yenye nguvu: nikilipwa nitakulipa. Mkuu asipolipwa na serikali, mdogo hana pa kushika, na benki inauza nyumba yake. Majirani zetu wa Kenya wanaijua hadithi hii, maana madeni ya makandarasi yasiyolipwa na serikali kuu na za kaunti yamekuwa wimbo wa kila bajeti. Uingereza walichoka na mchezo huu wakatunga sheria mwaka 1996. Ilipiga marufuku masharti ya nikilipwa nitakulipa, isipokuwa pale mlipaji wa juu anapofilisika, na ikampa karibu kila mtu mwenye mkataba wa ujenzi haki ya kupata uamuzi wa haraka ndani ya siku 28: lipa kwanza, bishana baadaye. Hapa kwetu hakuna haki ya namna hiyo ila ile uliyoiweka wewe mwenyewe kwenye mkataba. Naona Bunge lingefanya jambo la maana zaidi kwa makandarasi wazawa kwa kutunga sheria ya kurasa kumi ya namna hiyo kuliko kwa hotuba zote tunazozisikia juu ya kuwawezesha wazawa.

Mpaka hapo, mkandarasi asome vifungu vyake vya kujilinda, maana vipo. Kitabu chekundu cha 1999 kinamruhusu kumtaka mwajiri athibitishe kwamba fedha za mradi zipo. Kinampa riba malipo yanapochelewa, na kinampa haki ya kupunguza kasi au kusimamisha kazi baada ya notisi ya siku 21. Riba hiyo wazawa wengi hawaidai. Wanaona aibu, na wakati huo benki inayowadai wao haioni aibu hata kidogo.

Sasa nije kwa wewe ambaye huna kandarasi ya barabara, unajenga vyumba vitatu na sebule huko Chanika au Kibaha, au uko Muscat au Minneapolis unatuma fedha kwa kaka yako akusimamie. Huhitaji kitabu cha rangi yoyote. Unahitaji karatasi mbili za Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama Tanzania, na bado naona mafundi wanasainishwa mikataba ya Kiingereza ambayo hata mwenye nyumba hakuielewa, ameikopi kwa rafiki. Karatasi hizo ziseme nani ananunua vifaa na nani ana ufundi tu. Ziseme malipo yanafuata hatua: msingi, kuta mpaka lenta, kupaua, plasta, na hakuna hatua inayolipwa kabla haijaonekana kwa macho ya mtu ambaye si fundi wala si ndugu. Zitaje asilimia utakayoizuia mpaka msimu mmoja wa mvua upite juu ya bati. Ziwe na ramani na kibali cha ujenzi nyuma yake. Wakili atakutoza kidogo kuziandaa, na atakukumbusha ushuru wa stempu, maana mkataba usiolipiwa ushuru huo waweza kugomewa kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe. Mgogoro na kaka yako utabaki palepale, hilo silo la wakili.

Mabadiliko ya njiani ndiyo yanayozika mapatano ya namna hii. Mama mwenye nyumba anafika saiti, anasema hapa naomba dirisha liwe kubwa, na huku tuongeze kijichumba cha stoo. Fundi anasema sawa mama. Hakuna aliyetaja bei. Nyumba ikiisha, fundi anadai milioni mbili za ziada, na mwenye nyumba anaapa kwamba stoo ilikuwa ya bure. Sheria ya Mikataba haimtupi fundi huyo. Kifungu cha 70 kinamtaka aliyenufaika na kazi ya mwenzake, isiyokuwa ya hisani, amlipe au arudishe. Ila nani atapima thamani ya stoo? Ujumbe mmoja wa simu, "stoo ya mita mbili kwa tatu, laki nane, umekubali?" na jibu "nimekubali", ungemaliza habari.

Kuna upande wa kazi hii ambao hauna majadiliano ya bei. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Huruma, Nairobi, mwishoni mwa Aprili 2016, waliokufa walipita 50. Kariakoo, tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa liliwaangukia watu waliokuwa wamekwenda kutafuta riziki, wakafa zaidi ya 20. Siku kama hizo mawakili wa ujenzi wanaitwa na pande zote: mwenye jengo, mhandisi aliyesaini, kampuni ya bima, mfanyabiashara aliyefukiwa mzigo wake, na familia za marehemu, ambazo mara nyingi ndizo zinazoitwa au zinazokuja mwisho. Kifusi kinaondolewa haraka ili kuokoa maisha, na ni haki kiondolewe. Lakini kifusi ni ushahidi. Unene wa nondo, umbali wa ringi kwenye nguzo, ubora wa zege, vyote vimo mle, na vikishapelekwa dampo mtu atabaki kubishana kwa maneno. Wakili anayejua kazi ataomba siku ileile sampuli zichukuliwe mbele ya mashahidi na zipelekwe maabara. Atapita kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi, Bodi ya Usajili wa Wahandisi na ile ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, kuuliza kama yale majina yaliyokuwa kwenye bango la mradi yalikuwa kweli yamesajiliwa, na kama yalijua kwamba yapo kwenye bango. Usishangae. Majina ya wahandisi huazimwa, wakati mwingine na wenyewe wanajua, wakati mwingine hawajui.

Na familia zina saa yao pia. Madai ya uzembe usiotokana na mkataba yana ukomo wa miaka 3 kwa sheria ya Tanzania. Ya mkataba, miaka 6. Serikali inapounda tume watu hukaa wakisubiri ripoti, wakidhani ripoti ndiyo kesi. Tume haisimamishi saa ya ukomo. Nawaomba viongozi wa mitaa na wa dini, ambao ndio wa kwanza kufika msibani, waliseme hili mapema, hata kama si siku ya mazishi.

Umchagueje wakili wa namna hii? Hakikisha kwanza ni wakili; orodha iko kwenye mfumo wa Mahakama mtandaoni, na haichukui dakika tano kutazama. Kisha muulize ameshika migogoro gani ya ujenzi na kwenye fomu ipi ya mkataba. Mpe mkataba wako umwone anaanzia wapi kusoma. Akienda moja kwa moja kwenye masharti maalumu, mahali ambapo mwajiri amebadilisha yale ya kawaida, umempata. Akianza kukuhakikishia ushindi, shukuru, lipa chai, ondoka.

Na kama wewe ni mkandarasi na mradi wako unaendelea wakati huu tunapozungumza, nakuomba kitu kimoja. Usiku huu, kabla hujalala, toa mkataba kabatini utafute kifungu cha taarifa ya madai. Soma ni siku ngapi, maana wako huenda si 28. Halafu hesabu tangu siku lile jambo linalokukera lilipotokea. Kama siku bado zipo, andika barua kesho asubuhi, kwa heshima zote, uipeleke mwenyewe, na usiondoke mapokezi bila nakala yako kugongwa muhuri.